Hedhi ikipotea sio kuiva kimazoezi, ni hatari: maswali ya wakimbiaji kuhusu kukonda

Nahudumia wakimbiaji huku Iten, na haya maswali huwa naulizwa karibu kila wiki, mengine yanakuja wakati mfupa ushapata ufa.

Sijaona siku zangu miezi 4, kwenye kambi wanasema ni dalili mazoezi yameingia. Ni kweli?

Hapana. Hapana kabisa, na naomba hii iachwe kusemwa. Mwili ukikosa chakula cha kutosha kwa hio kazi yote unayoupa, unaanza kuzima vitu, na uzazi uko kati ya vile vya kwanza. Homoni ya estrojeni inashuka, na hio ndio inalinda mifupa. Miezi 3 bila hedhi njoo kliniki, usingoje msimu uishe. Tutapima mimba kwanza, maana hata bila hedhi mimba inaweza kuingia.

Lakini nikipunguza kilo si nakimbia haraka?

Wiki za kwanza inaweza kuonekana hivyo na hapo ndio watu wananaswa, alafu usingizi unaharibika, muda wako wa mbio unaganda, homa haziishi, mfupa unapasuka. Mary Cain wa Marekani alifika fainali ya mita 1500 Mashindano ya Dunia kule Moscow mwaka 2013 akiwa na miaka 17 tu. Mwaka 2019 akaeleza hadharani vile alishinikizwa apunguze uzito, akakosa hedhi miaka 3 na kuvunjika mifupa 5.

Mimi sijinyimi, nakula kawaida tu.

Kawaida ya nani? Saa kumi na mbili asubuhi umetoka na tumbo tupu, ukarudi ukanywa chai ya rangi kikombe kimoja, saa nne uko barabarani tena. Hesabu haitoshi hata kama hukukusudia. Kunywa chai ya maziwa, kula mayai na viazi mara tu ukirudi. Wale wanaotapika kwa siri ama kumeza dawa za kujiharisha ili wakonde, hao wasingoje hata siku moja, madini ya potasiamu yakishuka mwilini moyo unaweza kusimama.

Nikimeza tembe za kupanga uzazi damu ikirudi, si niko sawa?

La. Hio damu imeletwa na tembe, mifupa bado iko vilevile. Kinachorudisha hedhi ya kweli ni chakula zaidi na kilomita chache.

Na wanaume?

Pia. Testosteroni, homoni ya kiume, inashuka, hamu ya tendo inaisha, asubuhi hakusimami, na hawasemi.

Muundi unauma, nisubiri kidogo nione?

Usisubiri! Bonyeza na kidole kimoja, kama uchungu uko hapo tu padogo na unauma hata usiku, acha kukimbia leo. Uchungu ukiwa kwenye kinena ndio mbaya zaidi, shingo ya mfupa wa paja ikikatika ni upasuaji. Kuna dada aliletwa kwangu akiruka na mguu mmoja, mikono baridi na jua linawaka, vinyweleo laini vimeota mpaka kwenye mashavu. Nikamuuliza hedhi ya mwisho ilikua lini, akahesabu na vidole, mkono mmoja ukaisha akahamia wa pili. Uchungu ulianza wiki 5 kabla, aliambiwa angoje mbio za kaunti ziishe.