Je, wajua kwa nini injini inayokunywa mafuta kupita kiasi inaweza kuivisha eksozi ikawa nyekundu?

Hili swali linawachanganya wengi wenye magari ya zamani, na kuna mafundi pia ukiwauliza wanabadilisha mada. Gari inatema moshi mweusi, petroli inanuka mpaka ndani, tenki haikai, halafu usiku ukifungua boneti unakuta manifodi ya eksozi, yale mabomba ya chuma yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda, imeiva kabisa, nyekundu kama mkaa. Jibu linalokuja haraka ni kwamba mafuta mengi ndo yanaleta moto mwingi, si ndivyo jiko linavyofanya? Basi kwenye injini ya petroli haiko hivo, mafuta yakizidi injini inapoa.

Petroli ikigeuka mvuke inanyonya joto, ni kama ukipaka spiriti mkononi unavyosikia baridi. Halafu petroli isiyopata hewa haiungui. Kilo 1 ya petroli inataka hewa kilo 14.7 hivi ili iungue yote isibaki kitu, au ukipenda kwa lita, lita moja ya petroli inameza karibu lita 9,000 za hewa. Hewa ikipungua hapo petroli iliyobaki inatoka tu na moshi bila kufanya kazi. Marubani wa ndege ndogo za pistoni wanalijua vizuri hili, wengi wana geji ya joto la eksozi na kishikio cha kuongeza na kupunguza mafuta, joto likipanda wanaongeza mafuta na mshale unashuka. Kwa hiyo gari yako ikiwa na hayo mawili kwa pamoja, mafuta mengi na eksozi ya moto, ujue kuna kitu cha pili hapo kinacheza, na ukikaa unakorogakoroga kabureta tu, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, hutakipata.

Kitu chenyewe ni kwamba moto umehama, badala ya kuungua ndani ya silinda na kusukuma pistoni mafuta yanamalizikia kuungua njiani.

Kinachohamisha moto mara nyingi kwenye gari za zamani ni taimingi, yaani plagi inachelewa kupiga. Petroli hailipuki papo hapo kama watu wanavyofikiria, inaungua kwa kusambaa, na inachukua kama sehemu 2 au 3 tu ukiigawa sekunde moja mara elfu. Ni kidogo, lakini injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inazunguka digrii 18 kwa kila sehemu moja kama hiyo, yaani mpaka moto uishe pistoni imeshasafiri sana. Ndo maana plagi inabidi ipige kabla pistoni haijafika juu, labda digrii 10 gari ikiwa imesimama inanguruma tu, na zaidi ya 30 ukiwa barabarani unatembea taratibu. Kazi ya kuongeza hizo digrii kwenye gari za zamani inafanywa na distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, ina vyuma viwili vidogo ndani vinavyofunguka kwa kasi, na pembeni ina kale kakikombe kenye mpira mwembamba ndani kanakovutwa na hewa kupitia kijibomba kutoka kwenye kabureta. Vyuma vikikwama kwa kutu, au kijibomba kikipasuka, plagi inabaki nyuma, inapiga kwa kuchelewa wakati wewe uko mwendo wa safari. Valvu ya eksozi inafunguka moto bado uko katikati ya kazi, unatoka nao nje mzimamzima na manifodi ndo inaupokea.

Na mafuta mengi yanaingiaje hapo? Gari yenye taimingi ya nyuma inakosa nguvu, inasitasita ukikanyaga, dereva anazidi kukanyaga, anaipeleka kwa fundi, fundi anaona inasita anasema haipati mafuta, anafungulia. Kweli inaacha kusita kidogo. Sasa una mafuta mengi juu ya taimingi mbovu, na mchanganyiko ukizidi sana mafuta unaungua polepole zaidi, kwa hiyo moto unachelewa mara mbili.

Mimi limenikuta hili na pikapu moja ya zamani, nilifungua kabureta mara tatu, nikabadilisha jeti, nikabadilisha sindano ya floti, kila nikipanda mlima usiku manifodi inawaka. Mwisho kabisa nikakuta kijibomba cha distribyuta, kirefu kama kidole tu, kimepasuka kwa chini pale usipopaona ukiwa umesimama. Nilichukia, maana kuikagua hiyo haihitaji hata spana. Unachomoa kijibomba upande wa kabureta, unafungua kifuniko cha distribyuta, unanyonya kijibomba kwa mdomo huku unaangalia bamba la ndani, linatakiwa lisogee. Halafu ziba tundu kwa ncha ya ulimi, kijibomba king'ang'anie ulimi. Kikiachia, kuna sehemu imetoboka.

Njia nyingine ya moto kuhama ni silinda moja kumisi. Plagi imekufa au waya unavuja umeme, silinda inavuta petroli na hewa, haiwashi, inavitupa vyote viwili kwenye eksozi. Vikikutana na moshi wa moto kutoka silinda za jirani vinaungua humo humo, na kama gari ina katalisti, ile mafundi wengine wanaiita masega, hapo ndo balaa. Kazi yake ni kumalizia mabaki kidogo ya mafuta kwenye moshi, kawaida inafanya kazi kwenye nyuzi 400 mpaka 800 hivi, sasa ukiimwagia petroli na hewa safi kwa pamoja inageuka tanuru. Masega yanayeyuka, yanaziba, moshi unakosa pa kutokea, injini inazidi kupata moto na kukosa nguvu.

Sasa hapa kuna jambo mie huwa linanichekesha. Gari za nozo za miaka ya nyuma, yaani zinazonyunyiza petroli kwa nozo badala ya kabureta, zina sensa ya oksijeni kwenye eksozi, na hiyo sensa haioni petroli, inaona oksijeni tu. Silinda ikimisi oksijeni inatoka bila kutumika, sensa inaripoti kwamba kuna hewa nyingi, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inaongeza mafuta. Moshi unakuwa mweusi, na ukipima na mashine inakwambia mafuta ni pungufu! Hivo hivo manifodi ikiwa na ufa au gasketi imeungua kabla ya sensa, eksozi haisukumi tu, inasukuma na kuvuta kwa mapigo, kwa hiyo inavuta hewa ya nje kupitia huo ufa, sensa inadanganyika, mafuta yanaongezwa, na hiyo hewa iliyoingia inakuwa ndo ya kuunguzia petroli iliyozidi. Ufa mmoja unakupa matatizo yote mawili. Dalili yake ni mlio wa tik tik injini ikiwa ya baridi ambao unapungua ikipata moto, alama nyeusi za masizi kwenye kiungo, na milipuko midogo ukiachia mafuta kwenye mteremko.

Ukitaka kuanza kukagua anza na plagi, zitoe zote na uzipange kwa mfuatano wake usizichanganye. Ya kahawia isiyokolea iko sawa, nyeusi kavu inayopaka vidole kama sufuria ya kuni ni mafuta mengi, nyeusi yenye majimaji ya kuteleza hiyo ni oili, kesi nyingine kabisa. Zote zikiwa nyeusi sawasawa tatizo ni la jumla, kabureta au sensa au ea klina iliyoziba. Moja tu ikiwa nyeusi na nyingine safi, achana na kabureta, shughulika na silinda hiyo. Ukitaka uhakika washa gari ikiwa ya baridi kabisa na ndani ya dakika ya kwanza dondoshea kila bomba la manifodi matone mawili ya maji, matone tu, ukimwaga kikombe utaipasua. Lile ambalo maji yanakaa bila kuchemka wakati wenzake wanafoka, silinda yake haiwashi. Na ufanyie nje kwenye hewa, usijifungie gereji, maana injini yenye mafuta mengi inatoa kaboni monoksaidi nyingi mno, haina harufu na inaua.

Ukishajiridhisha taimingi na plagi ziko sawa, ndo sasa uje kwenye mafuta yenyewe. Kwenye kabureta angalia choki kwanza, ile ya kubana hewa wakati wa kuwasha injini ya baridi, gari ikishapata moto kile kibamba cha juu kiwe kimesimama wima, nimeona kimefungwa nusu miezi mizima mwenyewe hajui. Kisha floti, kile kiboya kinachofunga petroli kabureta ikijaa, itoe uitikise sikioni, ikiwa ni ya shaba na unasikia kitu kinacheza ndani basi imetoboka na inazama, petroli inafurika. Ukiitumbukiza kwenye maji ya moto tundu litajionyesha kwa mapovu. Kwa gari za nozo chomoa kijibomba cha hewa kwenye regyuleta ya presha ya mafuta, kikitoa petroli au kikinuka petroli mbichi, mpira wa ndani umechanika na injini inanyonya mafuta kwa mlango wa nyuma. Ingine ni sensa ya joto la maji, waya wake ukikatika kontroli boksi nyingi za zamani zinadhani nje kuna barafu na kumimina mafuta siku nzima. Thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ikikwama wazi inaleta kitu kama hicho hicho, injini haifiki kwenye joto lake.

Dizeli msiichanganye humu. Kule mafuta yakizidi joto la eksozi linapanda kweli, moshi mweusi na bomba la moto vinaenda pamoja bila fumbo lolote, na cha kwanza kuangalia ni kama hewa inafika, ea klina na mipira ya tabo.

Ukishamaliza vuta dipstiki uinuse. Ikinuka petroli, au oili imepanda juu ya alama wakati hujaongeza, petroli imeshuka kwenye oili na imeifanya nyepesi kama maji, imwage hata kama uliibadilisha wiki iliyopita. Katalisti nayo, ikiwa imepoa, igonge kwa ngumi. Ikisikika kama kopo lenye kokoto, masega yameshakatika huko ndani na vipande vitaendelea kuziba moshi hata kama injini sasa iko sawa.