Dang'a si usaha, na titi la siku ya kwanza si tupu

Juzi asubuhi wodi ya wazazi, kitanda cha mwisho, bibi mmoja alikuwa anamkamulia mkwewe dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, kwenye ncha ya kanga. Mtoto alikuwa na saa tatu tangu azaliwe. Pembeni kuna chupa ya chai, maji ya uvuguvugu na pakiti ya glukosi. Nikamwamkia, nikamuuliza anafanya nini. "Natoa huu usaha, mwanangu, ili maziwa yenyewe yatoke."

Nina miaka kumi na minane katika ukunga. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, basi leo nayaandikia.

Kwanza hilo la usaha, maana ni jepesi. Titi lenye usaha huvimba, huwa la moto, mama hutetemeka kwa homa. Unjano wa dang'a unatokana na karotini, ileile iliyomo kwenye karoti. Uzito wake ni protini, kingamwili (askari wa mwili dhidi ya vijidudu) na seli nyeupe. Dang'a pia hulainisha choo, kile kinyesi cheusi cha kwanza kikatoka mapema, na kinapotoka mapema, ugonjwa wa manjano wa mtoto hupungua. Mama anayetumia ARV, dawa za VVU, naye anyonyeshe; dang'a yake haimwagwi.

Bibi huyu kwao Rungwe, amefuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote. Nikamuuliza ndama akizaliwa dang'a wanaipeleka wapi. Akanishangaa: ndama asipoinyonya si atakufa? Wakunga wengi tunautumia mfano huo na kuishia hapo, nami naona tunauacha nusu. Ndama huzaliwa karibu hana kingamwili hata moja, kwa kuwa kondo la ng'ombe haliruhusu zipite. Mtoto wa binadamu huwa ameshapewa nyingi kupitia damu ya mama. Kinachomkosa ni ulinzi wa tumboni, na dang'a inakuja na kingamwili za aina ya IgA zinazotanda kwenye ukuta wa utumbo na kuzuia vijidudu visijishikize. Maji ya glukosi hayana kitu hicho, na mara nyingi ndiyo yanayoviingiza vijidudu vyenyewe.

Sasa neno linaloniudhi kuliko usaha: "maziwa hayajatoka." Wanalisema mama wakwe, wanalisema waume, na inaniuma kukiri kwamba hata wauguzi wenzangu wanalisema, tena mbele ya mzazi. Titi huanza kutengeneza dang'a tangu katikati ya ujauzito. Wingi wake unazuiwa na homoni ya projesteroni, na kondo la nyuma likishatoka homoni hiyo hushuka, ndipo kati ya siku ya pili na ya nne matiti yanajaa. Kabla ya hapo maziwa yapo, ila ni ya kipimo: katika saa 24 za kwanza mtoto hupata takribani mililita 2 hadi 10 kwa mnyonyo mmoja. Kijiko cha chai ni mililita 5. Mzazi anayetazamia chupa ijae lazima ajione mkavu.

Usiku wa pili ndio unaotuharibia. Mtoto analia, anataka titi kila wakati, na kule kunyonya ndiko kunakoliamuru titi liongeze. Anapewa glukosi, analala. Titi halijanyonywa, haliongezi. Kesho yake kila mtu anasema, si tulikwambia hana maziwa?

Kuna mabango yanayoonyesha tumbo la kichanga la ukubwa wa gololi. Nimeacha kuyatumia. Wapo wataalamu wanaosema tumbo hilo linabeba karibu mililita 20, na sioni sababu ya kumfundisha mzazi jambo lenye ubishi. Utafiti uliofanyika Ghana, India na Tanzania, uliochapishwa 2016, ulikuta watoto walioanza kunyonya kati ya saa ya 2 na ya 23 walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 41 ile ya walioanza ndani ya saa ya kwanza. Naiamini saa ya kwanza. Lakini mtoto mgonjwa naye hachangamkii titi, na ni vigumu kutenganisha kabisa kipi kilitangulia.

Na wapo ambao dang'a peke yake huwa haiwatoshi: mtoto wa mama mwenye kisukari, aliyezaliwa mdogo, au ambaye mama yake alitoka damu nyingi. Mwaka fulani niling'ang'ania titi peke yake huku sukari ya mtoto ikishuka, mpaka daktari akaniondoa kitandani. Mtoto alipona. Tangu siku hiyo napima kwanza. Kwa mtoto wa aina hiyo nyongeza ni dawa, na huamuliwa kwa kipimo, si kwa kilio.

Bibi nilimwomba kijiko. Nikaweka kidole gumba na cha shahada nyuma kidogo ya weusi wa chuchu, nikasukuma kuelekea kifuani, nikabana, nikaachia. Tone la kwanza lilichukua muda, kisha yakafuatana, mazito kama asali, hadi nusu ya kijiko. Mtoto akayalamba, akageuza uso kutafuta titi. Bibi akaitazama kanga yake, doa la njano lenye upana wa kiganja.

"Hii ingemnyonyesha mara ngapi?"

"Mara mbili au tatu, bibi."

Akaikunja kanga, akaifunga ile chupa ya chai, akamwambia mkwewe asogee karibu na ukuta apate pa kuegemea.