Vitone Vinavyochemka kwa Sauti

Chukua kichupa cha kioo chenye kimiminika cheupe kama maziwa. Weupe ule ni viputo: mamilioni kwa mamilioni ya vifuko vya gesi, kila kimoja kimevikwa utando mwembamba wa lipidi, yaani aina ya mafuta. Mtaalamu wa maabara anakizungusha kichupa taratibu kwenye beseni la kimiminika kilichopozwa hadi nyuzi 8 au 10 chini ya sifuri, kisha anasukuma hewa ndani yake kwa bomba la sindano. Weupe unafifia. Ukikiinua kwenye taa unaona ukungu tu. Hakuna kilichomwagika wala kuvuja. Gesi iliyokuwa ndani imegeuka kuwa kimiminika na kila kiputo kimenywea kuwa kitone. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina nchini Marekani walieleza njia hii mwaka 2011. Kinachonistaajabisha mimi hadi leo ni hatua inayofuata: vingi vya vitone hivyo ukivitia kwenye joto la mwili havirudi kuwa gesi. Vinatulia, vikisubiri.

Viputo vyenyewe si vigeni hospitalini. Mwaka 1968 watafiti Raymond Gramiak na Pravin Shah walieleza jinsi mgonjwa alivyochomwa kimiminika karibu na moyo, na kwenye picha ya ultrasaundi, inayopigwa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, likatokea wingu jeupe. Wingu lile lilikuwa vipovu vya hewa vilivyoingia pamoja na dawa. Mawimbi ya sauti yakikutana na gesi hurudi kwa nguvu kubwa kuliko yanapokutana na damu, kwa hiyo kiputo huonekana pale ambapo damu haionekani vizuri. Viputo vya siku hizi vina upana wa mikromita 1 hadi 10 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), ukubwa unaolingana na wa seli nyekundu ya damu, na hutumika kukagua moyo na ini. Tena havisumbui figo kama zinavyoweza kufanya baadhi ya dawa zinazochomwa kabla ya picha za CT.

Lakini kiputo kina kasoro mbili. Hakidumu: ndani ya dakika chache gesi yake imeyeyukia kwenye damu. Na ni kikubwa mno kutoka nje ya mshipa. Uvimbe wa saratani ambao kuta za mishipa yake zina nyufa za nanomita mia kadhaa (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita) unabaki nje ya uwezo wake. Kitone chenye nanomita 200 kinapenya. Ukivipanga vitone hivyo mstari mmoja juu ya seli nyekundu ya damu, vitaenea kati ya 35 na 40.

Kilichomo ndani ya kitone ni jamii ya kemikali ziitwazo pafluorokaboni, yaani kaboni iliyozungukwa na florini pande zote. Ni vimiminika vizito, karibu mara moja na nusu ya maji au zaidi, na karibu havigusani kikemia na chochote mwilini. Vingine huchemka kwa joto dogo la ajabu. Pafluorobutani huchemka kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri, pafluoropentani kwenye nyuzi 29. Kwa hesabu hiyo, kitone cha pafluorobutani kilichomo kwenye damu yenye nyuzi 37 kilipaswa kuwa gesi zamani sana.

Kwa nini hakichemki? Bandika sufuria ya maji jikoni uitazame inapokaribia kuchemka. Viputo haviibuki popote pale. Vinaibuka kwenye sehemu zilezile za kitako cha sufuria, penye mkwaruzo au doa. Kimiminika kinahitaji mahali pa kuanzia. Ndani ya kitone hakuna mkwaruzo wala vumbi. Isitoshe, kadiri kitone kinavyokuwa kidogo ndivyo ngozi yake inavyokibana, hadi shinikizo la ndani kuwa mara kadhaa ya lile la hewa inayotuzunguka, na kimiminika kilichobanwa hivyo huchelewa kuchemka.

Sauti ndiyo inayokifungua. Wimbi la ultrasaundi hupita likikandamiza na kuvuta, mamilioni ya mara kwa sekunde, na mvuto wake ukizidi kiwango fulani kitone huchemka ghafla. Oliver Kripfgans na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza jambo hili mwaka 2000. Upana wa kitone huongezeka takriban mara tano, ujazo zaidi ya mara mia. Kilichokuwa karibu hakionekani kinakuwa kiputo kinachong'aa kwenye skrini, na kinatokea pale tu ambapo mwale wa sauti umeelekezwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo ilipo thamani yote ya teknolojia hii: dawa huenda kila mahali damu inakoenda, lakini daktari ndiye anayechagua pa kuiamsha.

Kwenye picha, faida yake ni rahisi kueleza. Unapiga picha kabla na baada ya kuamsha, unatoa ya kwanza kwenye ya pili, na kinachobaki ni vitone vilivyoamka. Vitone vya pafluorohekzani, inayochemka kwenye nyuzi 56 hivi, vina tabia nyingine: vikiamshwa huwa gesi kwa muda mfupi sana kisha hurudi kuwa kimiminika, vikiwaka na kuzimika kama vimulimuli. Kila mmweko unaweza kupimwa mahali pake peke yake, na kwa maelfu ya mimweko kompyuta inachora mishipa midogo kuliko ile ambayo ultrasaundi ya kawaida inaweza kutenganisha.

Upande wa tiba ni mpana zaidi, na una matumaini mengi kuliko uthibitisho. Kitone kinaweza kubeba dawa ya saratani na kuiachia kinapopasuka. Vitone vikubwa, vya mikromita kadhaa, hutoa viputo vinavyoweza kuziba mishipa midogo inayolisha uvimbe. Vilevile kuna tiba inayosaga tishu kwa mapigo makali ya sauti bila kisu, ambayo mwaka 2023 iliruhusiwa Marekani kwa uvimbe wa ini. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba penye vitone, nguvu ya sauti inayohitajika hupungua hadi chini ya nusu.

Mbona basi hujakutana navyo kliniki? Tatizo ni mvutano kati ya utulivu na wepesi. Kitone kinachochemka kirahisi huamka pia bila kuitwa, kwenye kichupa au njiani. Kile kigumu kinadai sauti kali kiasi kwamba sauti hiyo yenyewe inaweza kujeruhi tishu. Watafiti huchanganya pafluorokaboni mbili kutafuta kati na kati. Halafu kuna mwili wenyewe: mfupa wa fuvu hupotosha mwale, na hewa ya mapafu huukataa kabisa. Na zile nyufa za mishipa ya uvimbe, ambazo kwa panya wa maabara ni nyingi, kwa binadamu hazitabiriki. Uvimbe mmoja unazo, wa jirani hauna. Kwa hiyo ukisikia mtu anauza "tiba ya vitone vya ultrasaundi" leo, muulize ni jaribio gani la kitabibu na limeidhinishwa na nani.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la mwisho wa safari: vitu hivi vinabaki mwilini? Utando wa lipidi huvunjwa na ini kama mafuta mengine. Gesi haisagwi na kiungo chochote, kwa sababu hakuna kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Inayeyuka polepole kwenye damu, inasafirishwa hadi kwenye mapafu, na mgonjwa anaitoa kwa pumzi, haina harufu wala rangi, wakati mwingine akiwa bado anafunga vifungo vya shati.