Kufunga Kongamano: Saa ya Mwisho Ipangwe Kwanza

Ninapoandaa kongamano au warsha hapa Lamu, ratiba huanza kuiandika kutoka chini kwenda juu: naamua kwanza mkutano utafungwaje, kisha ndipo nipange ufunguzi, mada na mapumziko. Waandalizi wengi hufanya kinyume chake. Nguvu na fedha humalizikia kwenye mabango na mapokezi ya mgeni rasmi, na alasiri ya siku ya mwisho huachiwa mshereheshaji aliyekwisha kuchoka, orodha ndefu ya shukrani na foleni ya kutia saini karatasi za nauli.

Hasara yake ni kubwa, kwa sababu kumbukumbu haizipi saa zote uzito sawa. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu walitia mkono katika maji baridi ya nyuzi 14 za Selsiasi kwa sekunde 60. Katika zamu nyingine walivumilia sekunde 60 zile zile, kisha wakaongezewa 30 ambazo maji yalipashwa polepole hadi nyuzi 15. Walipoulizwa ni zamu ipi wangekubali kuirudia, wengi walichagua ile ndefu, ingawa kwa jumla ndiyo iliyokuwa na maumivu zaidi, maana ilikwisha kwa nafuu. Tunalipima jambo lililopita kwa kilele chake na kwa mwisho wake, na urefu wake hauna uzito mkubwa.

Mpangilio huo tunao kwetu. Maulidi yanaposomwa, kilele ni kisimamo, ambapo hadhira nzima huinuka, marashi yakanyunyizwa na chetezo cha udi kikapitishwa. Mwisho ni dua inayoitikiwa na wote, ndipo ije kahawa na halua. Sisemi kwamba ibada igeuzwe pambo la mikutano, jambo ambalo nalipinga kabisa. Ninachojifunza hapo ni kwamba katika nyakati hizo mbili hakuna anayebaki mtazamaji.

Kwa hiyo neno la mwisho simpi kiongozi, bali mtu ambaye jambo lililojadiliwa ndilo maisha yake, na namwomba aseme kitu ambacho hadhira itaweza kukiitikia. Katika kongamano moja kuhusu ufundi wa majahazi, lililofanyika ndani ya ua wa Ngome, boma la kale la mji wa Lamu, tulimwomba mzee mmoja, fundi kutoka kijiji cha Matondoni, atufungie. Hakutoa hotuba. Alisimama, akakataa kipaza sauti, akaanza kuwataja mafundi waliomfunza, kila mmoja kwa jina lake na chombo alichokiunda. Alipotaja jina la tatu, watu waliokuwa wakikusanya mikoba yao waliiweka chini, na kutoka hapo kila jina lilijibiwa na ua mzima: “Mwenyezi Mungu amrehemu.” Vijana waliokuja kusikiliza habari za ufadhili wa karakana waliitikia sawa na wazee. Hisia za namna hiyo hazichochewi kwa muziki wa kurekodiwa. Huja pale mhusika anaposema la kweli kwa watu walioandaliwa kumsikiliza.

Kuwaandaa ndiyo kazi yenyewe, na hapa visiwani huanzia kwenye jedwali la maji, yaani saa za bahari kujaa na kupwa. Washiriki wanaorudi Faza, Siyu na Kizingitini, kisiwani Pate, hupitia Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, na maji yakishatoka njia hiyo huweza kuwa taabu kwa baadhi ya vyombo. Wa bara wana boti za Mokowe, na wa ndege huvuka kwenda Manda, uliko uwanja wa ndege. Mtu anayewaza chombo kitakachomwacha hawezi kuguswa na lolote. Naangalia maji kabla ya kukubali tarehe, na ikibidi nafunga saa nne asubuhi badala ya saa kumi jioni.

Mengine ni mepesi. Nauli hutiwa saini asubuhi, vyeti na picha ya pamoja huja kabla ya chakula cha mchana, na shukrani kwa wafadhili husomwa mapema, tena kwa heshima kubwa zaidi kwa kuwa bado kuna wa kuzisikia. Dakika 20 za mwisho hubaki wazi kwa msemaji mmoja. Akishamaliza, mshereheshaji harudi kwenye kipaza sauti hata kwa tangazo la mkoba uliosahaulika. Matangazo hayo nawaachia vijana wa mapokezi, mlangoni.