Ndege ya mizigo huzeeka kama chukudu

Watu wa Goma wakijua kwamba kazi yangu ni kukagua ndege, swali huwa ni lilelile: "Zile ndege kuukuu za mizigo, zina miaka mingapi?" Nami huwauliza habari za chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Chukua mbili zilizochongwa siku moja. Moja inateremka kila siku kutoka Kibumba na magunia ya makala, nyingine imeegemezwa ukutani Majengo ikingoja mteja. Mwaka ukiisha, ipi imezeeka?

Ndege nayo huhesabiwa safari. Kila ikipaa, hewa husukumwa ndani ili watu waweze kupumua, na bati lake hutanuka kidogo, ikishuka, hunywea. Hivyo maelfu ya mara, mpaka ufa mwembamba kuliko unywele unaanzia kwenye tundu la ribiti, ule msumari unaoshikanisha mabati. Mwaka 1988, huko Hawaii, Boeing 737 yenye miaka 19 tu iling'oka paa ikiwa angani. Ilikuwa imesharuka zaidi ya mara 89,000, safari fupifupi za kisiwa hadi kisiwa. Na sisi huku, kabla uwanja wa Goma haujafungwa Januari 2025, safari zetu nyingi zilikuwa fupi: Goma na Bukavu ni kuvuka ziwa tu.

Ndege nzito ina sehemu nyingine za kuchunguzwa, hasa miguu na vishikizo vya injini chini ya bawa. Tarehe 4 Novemba 2025, mjini Louisville, Marekani, MD-11 ya mizigo yenye miaka 34 ilinyofoka injini ya kushoto wakati wa kupaa. Wachunguzi walikuta nyufa za uchovu wa chuma kwenye kishikizo. Huko vipuri havikosekani, wala wakaguzi. Kwa hiyo anayesema ajali za ndege kuukuu ni balaa la Kongo peke yake, mwambieni hilo.

Ila sisi tuna mzigo wetu wa ziada. Goma iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini inapungukiwa nguvu, ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Halafu Januari 2002 lava ya Nyiragongo ikafunika karibu theluthi ya njia ya kurukia. Weka hapo magunia ambayo hayakuandikwa kwenye karatasi ya uzito, uone.

Nyingi hazimalizwi na ajali. Zinamalizwa na hesabu. Kila baada ya miaka kadhaa ndege kubwa hufunguliwa yote, bati kwa bati, kwa wiki nyingi na pesa nyingi. Boeing 727 ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1984. Mwenye nayo leo anaweza kukuta matengenezo yanazidi bei ya ndege yenyewe. Marekani huipeleka jangwani Arizona, ambako ukavu huchelewesha kutu, ikang'olewe vipuri. Au huuzwa kwa mwenye mfuko mdogo zaidi, naye akauza tena, hadi inamfikia asiye na wa kumuuzia. Ndivyo uwanja wetu ulivyokaa miaka na mabaki ya ndege ambayo watoto waliteleza juu ya mabawa yake.

Injini huwa imeshaondoka mapema, maana ndiyo yenye bei. Kila kipuri halali husafiri na karatasi yake: kilitoka ndege gani, kimeruka mara ngapi. Kikiletwa kwangu kinang'aa lakini karatasi haipo, nakirudisha kwenye gunia lake.