Nyumba Imejaa Watu, Upweke wa Nini?

Nimeisikia tena Jumanne, mara ya tatu mwezi huu. Mume alimsindikiza mkewe kwenye chumba changu cha unasihi, akajikalia pembeni, na kabla mwenye shida hajafungua mdomo, akanimalizia kesi yote: "Mimi nipo, watoto wapo, mama yangu yupo. Nyumba imejaa watu. Upweke wa nini?" Mke akatazama viatu vyake. Nami, pamoja na miaka yote ya kujifunza kutoonyesha kitu usoni, nadhani nilikunja ndita.

Lawama kidogo naitupia lugha yetu. Neno "upweke" limebebeshwa mizigo miwili: kuwa peke yako, na kuumia kwa kukosa wenzako. Ule wa kwanza ni hesabu ya vichwa tu. Wa pili unaweza kukutafuna huku mmebanana watu wanne kwenye kochi moja. Ndiyo maana wateja wangu ni nadra kulitumia neno hilo. Husema "situlii", au "nyumba haikaliki". Yule mama alipopata nafasi alinieleza alasiri zake (nimebadili mambo mawili matatu asitambulike): anafungua friji, hana njaa, anaifunga. Anakwenda dirishani. Anashika simu, anapitia majina mpaka mwisho, anaiweka. Anapanga upya kabati alilolipanga jana. Kisha anawafokea watoto, halafu anakaa kujilaumu.

Mumewe alisema huko ni kukosa shughuli.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani Robert Weiss aliugawa upweke mafungu mawili: kukosa mtu wako wa moyoni, na kukosa kundi la watu ambao wewe ni mmoja wao. Kati ya aliowachunguza walikuwemo wanandoa waliohamia eneo la Boston. Wake walikuwa na waume zao na bado walitaabika, kwa sababu nje ya mlango wao hapakuwa na mtu wa kupiga naye soga. Weiss alisisitiza jambo ambalo nimechoka kulirudia: fungu moja halizibi pengo la jingine. Mume awe mwema vipi, hawezi kuwa majirani kumi. Na marafiki kumi hawamrudishii mjane mwenzake.

Hapa ndipo ninapokereka hasa, maana hata wanasihi wenzangu huteleza. Mteja akisema anakosa watu, tunakimbilia kumuuliza marafiki zake wa karibu ni nani, kana kwamba watu wote wanaotushikilia tunayajua majina yao. Nilipohamishia kazi zangu kwenye chumba cha nyumbani, sikukaa hata mwezi nikaanza kuzunguka meza. Nikajitibu kama vitabu vinavyoelekeza: nikawapigia marafiki, kila jioni mmoja, saa nzima. Mazungumzo matamu kabisa. Asubuhi nikawa nazunguka meza vilevile. Ilinichukua muda, na mimi ndiye mtaalamu, kugundua kwamba niliyemkosa alikuwa mlinzi wa jengo la zamani, aliyenitania kila siku kuhusu mwendo wangu, na yule mama wa ghorofa ya pili niliyekuwa nikipishana naye ngazini tukilalamikia jua. Jina lake sikuwahi kulijua. Sasa mtu kama huyo utampigia simu umwambie nini?

Simu haileti kupishana. Simu ni miadi, inataka sababu. Watu wa ngazini hawataki sababu. Wanakuona tu, wanakuthibitishia kwamba upo, mnaendelea na safari zenu.

Wapo wanaofananisha upweke na njaa; hapo nitapita haraka. Mwaka 2020 Livia Tomova na wenzake walichapisha utafiti wa watu 40 waliokaa saa 10 bila watu wala mitandao, na siku nyingine saa 10 bila chakula. Sehemu ileile ya katikati ya ubongo iliyoitikia picha za chakula kwa wenye njaa iliitikia picha za watu wakiwa pamoja kwa waliotengwa. Naupenda utafiti huu na nautumia sana ofisini, labda kupita kiasi. Saa 10 si miaka miwili, na mwenye njaa ukimpa chakula hula. Mpweke wa muda mrefu ukimpa watu huwaogopa. John Cacioppo, aliyelichimba suala hili pale Chuo Kikuu cha Chicago, alieleza kwamba upweke ukikomaa humfanya mtu awe macho kupita kiasi, kila uso akausoma kama unamdharau. Kwa hiyo ushauri wa "toka ukachanganyike", tafadhali. Umpeleke kwenye sherehe ya watu 200 akarudi amethibitisha kwamba hakuna anayemtaka?

Tena si kila asiyetulia ni mpweke. Katika majaribio ambayo mwanasaikolojia Timothy Wilson aliyachapisha mwaka 2014, watu waliachwa chumbani dakika 15 na mawazo yao pamoja na kitufe cha kujipiga shoti; wanaume 12 kati ya 18 walikibonyeza. Hiyo ni dakika 15 tu! Kwa hiyo anayezunguka meza mbele yangu huenda amechoshwa tu, au ana wasiwasi, au sonona inabisha hodi. Dodoso langu la maswali 20 halina swali la friji. Huwa nakisia, najaribu kitu kidogo, nangoja, na mara nyingine nakosea kwa miezi.

Yule mama nilimpa kazi ndogo ya kukera: kila siku saa ileile apite njia ileile kwa miguu, asitafute rafiki. Mumewe alicheka akauliza kama hiyo ndiyo dawa waliyoilipia. Nikamjibu kwamba sina hakika.

Leo amenitumia ujumbe. Alikosa siku mbili kwa mafua, na alipopita tena, fundi viatu wa pale kona amemuuliza alipotelea wapi. Bado anafungua friji.