Bawasiri kwa mwenye ugonjwa sugu wa ini: tazama choo kwanza

Mgonjwa wa ini akiona damu chooni, wazo la kwanza ni bawasiri. Mara nyingi ndiyo yenyewe. Ila ini likishajaa makovu, iwe kwa homa ya ini B, pombe au kichocho cha tumbo kilichozoeleka kando ya Ziwa Victoria, damu itokayo utumboni hupita humo kwa shida. Shinikizo hupanda, na mishipa huvimba kwenye koo la chakula, wakati mwingine pia kwenye njia ya haja kubwa. Mishipa hiyo ya chini hufanana na bawasiri kwa macho, lakini ukiikata kama bawasiri damu inaweza isikatike. Kwa hiyo taja ugonjwa wa ini kabla ya kukubali bawasiri ifungwe kwa kimpira ili inyauke, au kupasuliwa; daktari atapima kwanza chembe sahani (chembe za damu zinazoziba jeraha) na uwezo wa damu kuganda.

Kazi kubwa iko kwenye choo. Choo kigumu humchubua kila mwenye bawasiri. Kwa mwenye ini bovu huongeza balaa: kinyesi kikilala utumboni hutoa amonia nyingi, sumu ambayo ini hilo haliimudu, na mtu anaanza kuchanganyikiwa: kusinzia mchana, kukesha usiku, mwandiko kuharibika. Laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, husaidia pande zote mbili. Kwa kawaida daktari huanza na mililita 15 hadi 30 mara 2 kwa siku, kisha hurekebisha hadi upate choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Ukienda mara 6 umezidisha. Maji ya mwili yanapotea, kuchanganyikiwa kunaweza kurudi, na bawasiri inachubuka upya.

Papai, mchicha, bamia na ugali wa dona vinafaa. Ule ushauri wa "kunywa maji mengi" usiufuate kichwa kichwa kama tumbo limejaa maji au miguu imevimba; uliza kiasi chako.

Kwa maumivu, kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku, bila dawa ya kuua vijidudu, kisha jikaushe kwa kugusagusa, si kusugua. Parasetamoli ya miligramu 500 isizidi vidonge 4 kwa saa 24. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ziache: huchochea damu kutoka na huumiza figo. Na hapa ni rahisi kuteleza, kwa kuwa diklofenaki ya kuingiza haja kubwa inaweza kudhaniwa ni dawa ya "huko chini". Inaingia kwenye damu vilevile. Mitishamba ya bawasiri nayo iache, baadhi huumiza ini.

Damu ikidondoka bila kukoma, ukitapika damu, ukipata kizunguzungu au choo kikiwa cheusi, chenye kunata kama lami na harufu kali, nenda hospitali saa hiyohiyo. Vidonge vya madini ya chuma pia hutia choo weusi, ila kwa kawaida hakinati hivyo. Ukiwa na shaka, nenda, na uchukue vidonge vyako vyote mkononi.